Dawa aina tatu zimepita, kidonda cha mwiba wa taa hakifungi

BARUA

Assalaam aleikum Bi Muuguzi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kizingitini, kisiwa cha Pate. Nakuandikia usiku baba watoto akiwa amelala, maana akijua nimeandika atasema namtangaza.

Wiki sita zilizopita, siku za bamvua, maji yalikuwa yamepwa sana. Alishuka kusukuma mashua itoke kwenye mchanga, akakanyaga taa, samaki yule bapa mwenye mwiba mkiani. Mwiba ulimwingia ubavuni mwa mguu, chini ya kifundo. Miaka kumi na saba niliyokaa naye sijawahi kumwona akilia, siku ile alilia. Wenzake wakauvuta mwiba, wakamwagia petroli ya mashine, wakamfunga kipande cha kikoi, wakamleta nyumbani.

Siku ya tatu mguu ukavimba. Nilikwenda duka la dawa nikaeleza, nikaambiwa ninunue amoksilini. Pesa za dozi nzima sikuwa nazo, nikachukua kapsuli sita. Nne alimeza. Mbili nilizifungua nikamnyunyizia unga wake kidondani, kwa sababu ndivyo nilivyowaona mama zetu wakifanya. Juu kidonda kilikauka, kikashika gamba, tukashukuru Mungu. Wiki haijaisha usaha ukatokea pembeni.

Binamu yake aliyeko Mombasa akatuma sipro, akasema hizo ni kali. Kwa kweli zilimsaidia. Siku tatu tu uvimbe ulipungua, akavaa ndala, akatembea mpaka bandarini. Alipoona hivyo akaacha. Alisema zilizobaki tuziweke akiba, dawa nzuri haimalizwi ovyo. Zimebaki kumi na moja, ziko kwenye kikopo kabatini.

Kidonda kikarudi, tena vibaya zaidi. Kuna kijana anayepita majumbani akipiga sindano. Alimpiga tatu kwa siku tatu, ya mwisho ni siku tisa zilizopita. Kichupa kimoja nilikiweka, ni dawa inayoitwa seftriaksoni. Haikubadilisha kitu.

Sasa kidonda kina upana wa kifuniko cha chupa ya soda na kimechimbika. Kitambaa nikikibandua kina rangi ya kijani kijani, na harufu si uvundo, ni kama tunda lililoiva kupita kiasi. Homa kali hana. Amekonda, na usiku huamka mara tatu nne kukojoa na kuomba maji, lakini hilo nadhani ni joto la kaskazi.

Hospitali hataki kusikia. Ami yake alikwenda na kidonda cha kidole, akarudi hana mguu. Mama mkwe anasema mwanawe ametupiwa jicho, anamletea kombe, yale maji ya aya ya kunywa, kila Alhamisi. Nami nimebaki katikati.

Nisaidie kwa haya. Je, kuna dawa kali kuliko hizo tatu ninayoweza kuagiza Mombasa? Je, ni kweli mwili wake umeshazoea dawa? Jirani yangu ana mtoto mwenye jipu, ameniomba zile sipro kumi na moja; nimpe? Na la mwisho linaloninyima usingizi: ni mimi niliyemharibia mguu?

Mke wa mvuvi,
Kizingitini

JIBU

Waalaikumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Maswali yako nitayajibu, lakini kwanza nikwambie la haraka ambalo hukuniuliza.

Mumeo aonwe kesho. Msingoje pesa za kamba zilipwe, wala bamvua lijalo. Boti ya kwenda Lamu ikiwa haitapata maji ya kupita Mkanda, anzeni Faza, ni karibu nanyi. Na ikiwa kabla ya kucha utamwona ana homa ya kutetemeka, anapumua mbio, anasema maneno yasiyoshikana, au ngozi ya mguu inageuka nyeusi, inatoa malengelenge, au ukiibonyeza inatatarika kama mchanga mkavu, basi msingoje kuche. Mwamsheni nahodha yeyote mwenye boti. Ngozi zetu nyeusi haziuonyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo usitegemee macho peke yake. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mguu mbovu, kisha juu ya mguu mzima. Joto likiwa limepanda kuelekea goti, au ngozi inang'aa na kukaza, maambukizi yanasogea.

Sasa ule mstari ulioupita haraka. Umesema anaamka mara tatu nne kukojoa, anaomba maji, amekonda, ukalisingizia joto. Mimi hapo kalamu yangu ilisimama. Mtu aliyeshikwa na joto la kaskazi hutoka jasho, na mkojo wake hupungua. Anayekunywa sana, akakojoa sana, akakonda, na kidonda chake kikakataa kufunga, lazima apimwe sukari. Ni tone moja la damu ya kidole na jibu linatoka papo hapo. Sisemi anayo, kipimo ndicho kitakachosema. Lakini sukari ikiwa juu, chembe za damu zinazopigana na vijidudu huwa dhaifu, damu haifiki vizuri miguuni, na mishipa ya fahamu hufa ganzi hata mtu asisikie maumivu anayopaswa kusikia. Mtu wa namna hiyo unaweza kumpa kila antibayotiki iliyoko Mombasa, na kidonda kikabaki kimekutazama. Huenda na ami yake yule ni hayo hayo yaliyompata. Kisukari hupita katika ukoo, na kidonda cha kidole kumfikisha mtu kukatwa mguu, mara nyingi ni sukari iliyokaa miaka haijajulikana. Muulize mama mkwe, atakumbuka.

Nije kwenye dawa kali. Umeniomba jina, na jina sitakupa, nikueleze kwa nini.

Ile rangi ya kijani na harufu ya tunda, muuguzi yeyote aliyefunga vidonda miaka mingi ataitambua. Kuna bakteria anayeitwa Sudomonasi, anapenda penye unyevu: masinki, ndoo, bendeji iliyolowa, kidonda kinachotoka maji. Mwenyewe hutengeneza rangi ile. Siwezi kuapa kwa barua kwamba ndiye, lakini tuseme ndiye. Basi amoksilini haikuwa na kazi kwake tangu siku ya kwanza, hata mngekunywa kapsuli mia. Bakteria huyu amezaliwa haisikii. Seftriaksoni nayo haimfikii, na ndiyo maana zile sindano tatu hazikubadilisha kitu, ijapokuwa ni dawa nzito inayookoa watu wenye homa ya uti wa mgongo. Ile sipro, yaani siprofloksasini, ni miongoni mwa dawa chache sana za kumeza zinazoweza kumgusa. Ndiyo iliyompa mumeo ndala miguuni. Na ndiyo aliyoiacha siku ya tatu.

Umeona sasa? Hakuna ngazi ya dawa, huyu wa chini, huyu wa kati, huyu mkali, ukapanda mpaka ukafika. Kila dawa ina adui wake. Ukali wa sindano hausaidii kitu ikiwa adui aliye kidondani si wake. Shirika la Afya Duniani tangu 2017 limezigawa antibayotiki katika mafungu matatu: zinazotumika kwanza, zinazotumika kwa uangalifu, na zilizowekwa akiba kwa ajili ya mtu aliyekwama kabisa. Amoksilini iko fungu la kwanza. Sipro na seftriaksoni ziko fungu la uangalifu, na kwa sheria za Kenya zote tatu hazitolewi pasipo cheti cha daktari. Ninyi mmezipitia pale nyumbani, na hakuna mtu hata mmoja aliyekiotesha kidonda kile akajua ndani kuna nani.

Hilo ndilo la kuomba hospitali. Sema hivi: "Tunaomba usaha uoteshwe kabla ya kuanza dawa nyingine." Kidonda huoshwa kwanza, kisha huchukuliwa usaha au kipande cha nyama kutoka ndani kabisa, si uchafu wa juu. Maabara huupaka kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, wakaachwa waote usiku kucha au siku mbili. Wakishaota, hupakwa kwenye sahani mpya na kuwekewa vijiduara vya karatasi, kila kimoja kimelowa dawa yake, wakaachwa waote tena. Penye dawa inayofanya kazi, pembeni yake hubaki uwanja mtupu. Penye dawa waliyoishinda, huota mpaka ukingoni pa karatasi. Jibu huchukua siku mbili mpaka nne. Maabara ya hapo ikiwa haina uwezo huo, uliza sampuli inaweza kupelekwa wapi. Na kwa kuwa sindano yake ya mwisho ilikuwa siku tisa zilizopita, huu ni wakati mzuri wa kupima. Dawa ikiwa bado imo mwilini, bakteria hukataa kuota kwenye sahani na jibu hudanganya. Akionekana anazidiwa, daktari ataanza dawa bila kungoja, nalo hilo ni sawa, mradi sampuli iwe imeshachukuliwa.

Kisha mwambie daktari juu ya mwiba. Mwiba wa taa una meno yanayotazama nyuma, kama chembe cha mshale, na umevikwa ngozi laini yenye sumu. Ukivutwa kwa nguvu ufukweni, meno hukatika na ile ngozi huvuka ikabaki ndani. Kidonda kilichofunga juu kikatoboka pembeni, kikafunga tena kikatoboka tena, mimi hushuku kuna kitu kimelala humo. Bakteria hujishika kwenye kipande hicho, wakajifunika utando wa ute, na dawa ikipita kwenye damu haiwapati chini ya utando ule. Eksirei mara nyingi huonyesha kipande cha mwiba. Ngozi yake haionekani, hiyo hutafutwa kwa mkono, kwa ganzi, wakati wa kusafisha. Huenda kitakachomponya mumeo ni mkasi na maji mengi safi kabla ya kidonge chochote.

(Kwa wavuvi wengine mnaosoma hapa: mkishuka penye mchanga maji yakiwa haba, burureni miguu, msiinue. Taa akisikia mchanga unasogea huondoka. Na mtu akichomwa, mguu utiwe kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu. Maumivu hutulia sana, maana joto huivunja ile sumu. Petroli huunguza nyama tu.)

Mwili wake umezoea dawa? Hapana, mwanangu. Swali hili nimeulizwa tangu siku nilizovaa sare, na naona linawaponza wengi, maana mtu akidhani ni mwili wake uliozoea, hudhani jirani akizimeza zile zile zitamfaa. Antibayotiki haina ugomvi na mwili wa mumeo. Ugomvi wake ni na bakteria, na wanaobadilika ni hao bakteria. Mmoja akipata hali nzuri hugawanyika wawili kila dakika ishirini hivi. Piga hesabu: kutoka isha mpaka alfajiri, tuseme saa nane, mmoja anaweza kuwa zaidi ya milioni 16. Katika kundi kubwa namna hiyo hakosekani aliyezaliwa na hitilafu inayomwezesha kuikwepa dawa. Ukimpa dawa nusu, wale dhaifu wote hufa, uvimbe hupungua, mtu huvaa ndala. Waliobaki ni wale wakaidi, na sasa nyumba nzima ni yao.

Namna za kukwepa ni nyingi, nawe umeolewa na baharia, utazielewa. Wengine hutengeneza kimeng'enya kinachoikata dawa vipande kabla haijafanya kazi. Wengine hufua maji: dawa ikiingia ndani yao huitoa nje kwa pampu, kama vijana wanavyofua maji kwenye dau linalovuja, na wakifua kwa kasi kuliko inavyoingia dau halizami. Sudomonasi ni hodari wa hilo. Wengine hubadilisha komeo la mlango, ufunguo ule ule wa jana ukawa hauingii. Na la kutisha kuliko yote, ujuzi huo hupeana. Bakteria mmoja humpa mwenzake kipande kidogo cha maumbile chenye maarifa ya kuishinda dawa, kama akina mama wanavyopokezana chumvi dirishani, hata kama si wa kabila moja.

Haya hayakuanza Kizingitini. Mwezi wa pili mwaka 1941, mjini Oxford huko Uingereza, polisi mmoja aliyekuwa ameoza uso kwa maambukizi alidungwa penisilini, ikiwa ndiyo kwanza inajaribiwa kwa wagonjwa. Siku chache tu akaanza kula, homa ikashuka. Lakini dawa yote iliyokuwepo ilikuwa kidogo mno. Madaktari walifikia kuchuja mkojo wake waipate tena wamrudishie. Ikaisha. Maambukizi yakarudi, na mwezi uliofuata akafa. Kila nikisikia mtu ameacha dawa siku ya tatu kwa sababu amepata nafuu, humkumbuka polisi yule. Yeye iliisha duniani. Ya mumeo iko kabatini.

Na Alexander Fleming, aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alipopewa tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya waziwazi. Alitoa mfano wa mtu anayejinunulia penisilini, akajipa kidogo isiyotosha kuua, akawasomesha vijidudu kuishinda, kisha akamwambukiza mkewe. Mke akapewa dawa, isifanye kazi. Mwaka 1961 Waingereza wakatangaza kwamba Stafilokokasi, huyu wa majipu na vidonda ambaye wengi wetu tunaishi naye puani na kwenye ngozi, ameishinda hata methisilini, dawa iliyokuwa imetengenezwa makusudi kwa ajili ya wale walioishinda penisilini, na ilikuwa haina hata miaka mitatu sokoni. Kwa mwaka 2019 watafiti walikadiria watu milioni 1.27 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Wengi wao walikuwa katika nchi kama zetu, ambako antibayotiki huuzwa kama peremende na maabara ziko mbali.

Nilipoanza kazi wodini, sindano ya penisilini ilikuwa ikigusa kidonda kilichotiwa sumu na kesho yake unaona kimetulia. Nami, mwanangu, nimefunga kapsuli nne nne kwenye bahasha za karatasi nikawapa watu waliokuwa na safari, nikiwaambia "hizi zitakusukuma." Hatukuwa na nia mbaya. Tulidhani kidogo ni bora kuliko hakuna. Nimeshaona wodi ambayo mgonjwa wa kidonda majibu ya maabara yanarudi na safu nzima ya dawa, na mbele ya kila jina pameandikwa sugu, sugu, sugu. Daktari kijana alikaa chini na karatasi ile mkononi, hana la kusema. Tangu siku hiyo sijampa mtu kapsuli nne.

Kwa hiyo swali lako la mwisho nalijibu hapa. Mguu wa mumeo hukuuharibu wewe. Uliona mtu wako anavimba, ukaenda na pesa ulizokuwa nazo mahali palipokuwa wazi. Aliyekuuzia kapsuli sita pasipo kuuliza neno ndiye aliyesomea kazi hiyo. Kijana wa sindano naye alijua kwamba hajui. Wewe umehifadhi mpaka kichupa. Na kichupa hicho ndicho nitakachokutuma nacho.

Chukua mfuko. Tia kichupa cha seftriaksoni, karatasi ya amoksilini kama ingaliko, na kikopo cha sipro kama kilivyo. Andika kwenye karatasi: siku ya kuchomwa, kila dawa ilianza lini, alimeza ngapi, aliacha lini. Andika na unga uliomwagwa kidondani na petroli. Mfuko huo mpe daktari mkononi. Najua utaona haya, na najua wapo wahudumu wanaomfokea mtu kwa mambo hayo. Ukifokewa, nyamaza, mpe mfuko. Kwa daktari makini karatasi ile ni nusu ya tiba, maana atajua dawa zipi kidonda hiki kimeshapambana nazo. Watu wengi huficha, huambiwa "hujatumia chochote?" wakasema hapana, na daktari wa watu huanza upya na amoksilini. Na kama mmejiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, bebeni kitambulisho.

Usisahau kuuliza sindano ya pepopunda. Hujaniambia kama aliwahi kuchanjwa, na mwiba umeingia ndani, na sisi wa visiwa hivi tunatembea juu ya mavi ya punda kutoka tunazaliwa. Mbegu za ugonjwa ule hukaa humo na kwenye udongo miaka. Wiki sita zimepita, lakini kidonda kingali wazi, basi chanjo ingali na maana.

Mpaka mfike hospitali, kidonda kioshe mara moja kwa siku kwa maji yaliyochemka yakapoa, yenye chumvi kidogo, kijiko kidogo kwa nusu lita. Maji ya bahari hapana, hata kama wazee huyasifu. Humo kuna vijidudu vya jamii moja na kipindupindu vinavyoweza kuoza nyama kwa siku mbili, hasa kwa mwenye sukari. Unga wa kapsuli, dawa ya meno, majivu, manjano, kahawa, vyote viweke jikoni. Unga ule haufiki waliko bakteria na huganda ukafunika usaha. Funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, kikilowa kibadilishe, kwa sababu unyevu ndio shamba la yule wa kijani. Mguu uinuliwe juu ya mto. Taulo yake isiguswe na watoto, na mikono yako ioshwe kwa sabuni kabla na baada, hata ukiwa umevaa glavu. Vitambaa vichafu vichome. Usivifue pamoja na nguo za mtoto mchanga kama unaye.

Kuhusu baba watoto mwenyewe. Usimwambie "utakufa". Mvuvi ameshaambiwa hivyo na bahari mara nyingi. Mwambie kwamba hakuna anayekatwa mguu pasipo yeye au watu wake kukubali na kutia saini, na kwamba kesho anakwenda kutafutiwa kipande cha mwiba na kupimwa sukari, basi. Ni kweli hiyo. Mwombe rafiki yake aliyeuvuta ule mwiba afuatane naye. Ataona haya kumkatalia. Na ukweli juu ya ami yake mpe bila kuuficha: mguu uliokatwa ulikuwa umechelewa, na wake bado haujachelewa, mradi aende sasa wakati homa hana.

Mama mkwe usipambane naye. Kombe na anywe, dua isomwe, sina neno. Mwambie, "Mama, wewe msomee, mimi nimpeleke," kisha mwombe afuatane nanyi mpaka botini. Mwanawe atapanda mbele ya mamake kuliko mbele yako. Ninachokuomba ni kimoja tu, kombe lisimwagwe juu ya kidonda.

Mtoto wa jirani: usimpe. Jipu hutibiwa kwa kupasuliwa na usaha kutolewa, mara nyingi hata antibayotiki haihitajiki. Na sipro si dawa ya kumpa mtoto kwa kukisia, wala vidonge vya mtu mzima havigawanywi kwa macho. Mwambie aweke kitambaa cha maji ya vuguvugu juu ya jipu mara tatu nne kwa siku, asilikamue, na likiwa usoni, au mtoto ana homa, au ni mchanga, ampeleke zahanati. Boti yenu ina nafasi, mchukueni.

Wala mumeo asizirudie zile kumi na moja mwenyewe kwa kuwa nimesema zilimfaa. Mnyama yule aliyebaki baada ya siku tatu huenda si yule wa mwanzo. Hilo sahani ya maabara itatuambia. Usizitupe chooni wala baharini, hufundisha vijidudu vya huko nako. Zitoe kikoponi mbele ya mfamasia wa hospitali, mwachie.

Ukirudi niandikie mambo mawili: sukari ilisoma ngapi, na kama mwiba ulipatikana.